Miaka Ishirini na Miwili ya Do Moja

Kisarawe,
20 Januari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta ukiwa na afya, wewe na Mama Peter na wote wanaokula chungu kimoja nanyi hapo Pangani. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole.

Nilifika salama. Castory alinishusha mlangoni pamoja na maboksi matatu ya vifaranga, na vifaranga ndio waliokaribishwa kwanza. Bi Bertha alisema kifaranga akicheleweshwa hufa, mwanafunzi hafi. Hapohapo nikajua nimekuja kwa mtu wa namna gani. Ana miaka sabini na mbili, mwembamba, anavaa kanga na saa ya kiume. Alifundisha muziki chuoni miaka thelathini, kisha akastaafu akaja huku kwenye ubaridi kufuga kuku. Huchukua mwanafunzi mmoja tu kwa wakati, na huyo mwanafunzi hufagia banda.

Simu yangu imefungiwa kwenye kabati la vyombo. Nitapewa Jumapili jioni, saa moja tu. Anasema mtu anayesubiri simu iite hawezi kusikia kitu kingine. Kwa hiyo tutaandikiana, na mwenye posta ni Castory, kila atakapoleta vifaranga.

Piano ni ya mbao, inanifika kifuani. Miguu yake imesimama ndani ya makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande, na ndani yake inawaka taa ndogo ya kukausha unyevu. Siku ya kwanza aliniambia nipige chochote. Nikapiga ule wimbo wetu wa kufungulia ibada. Mjomba, alishangaa sana. Aliniuliza nani kanifundisha, nikakutaja jina lako lote, Mwalimu Gideon Shigela. Akasema, "Haya."

Wasalimie wote. Mwambie Mama Peter chachandu yake imefika bila kumwagika.

Mwanao,
Kabula

*

Pangani, Kibaha,
11 Februari 2024

Kwa mama yangu Kabula,

Marahaba, na mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma chetu. Wewe umebeba jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo nikikuita mama vumilia, na ukiniona nakuogopa ujue sababu.

Huku hatujambo. Mama Peter anaumwa goti lakini anaimba. Babu yako kule Soga alikuja wiki iliyopita na maziwa, akauliza mjukuu wake amekwenda kusomea nini. Nikamwambia piano. Akauliza kama itamchukua muda mrefu kuliko udaktari. Nikamwambia sijui, baba.

Nimefurahi kwamba mwalimu wako alishangaa. Mtu mzima akisema "Haya" maana yake amekosa la kuongeza. Miaka kumi na moja nimekukalisha kwenye kile kinanda, hukwenda huko mikono mitupu. Fagia banda bila kununa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa sikia habari. Familia moja ya Dar inayohamia ughaibuni imelitunukia kanisa letu piano. Piano kamili, ya nyuzi! Italetwa tukishamaliza sakafu, na askofu atakuja kuiweka wakfu Jumapili ya tarehe 24 Novemba. Wazee walikaa kikao wakauliza nani atakayeifungua. Hawakumaliza hata kuuliza. Miaka ishirini na miwili nimewapigia kinanda cha umeme, na umeme ukikatika naimba nao kwa mdomo. Sasa nitakaa kwenye chombo cha heshima mbele ya askofu na watu wote. Nimeshamwambia fundi anishonee suti.

Nakuombea kila siku.

Mjomba wako,
Gideon

*

Kisarawe,
9 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole ya goti kwa Mama Peter. Huku tunaendelea vizuri; kuku wawili wamekufa na wawili wameanza kutaga, kwa hiyo Bi Bertha hana hasira wala furaha.

Hongera kwa habari ya piano. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikairudia kuisoma. Nina jambo langu la kukiri, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kinanda chetu cha kanisani kina kile kitufe cha transipozi. Kwaya wakitaka wimbo upande, unakibonyeza, kinanda chenyewe kinapandisha sauti. Wakitaka ushuke, unabonyeza upande wa pili. Wewe vidole huvihamishi. Do yako iko palepale, kwenye C, na unapita juu ya vibonyezo vyeupe mwanzo hadi mwisho. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na nilidhani dunia nzima inapiga hivyo.

Siku ya pili Bi Bertha aliniambia, "Vizuri. Sasa piga huohuo, do iwe G." Nikatafuta kitufe. Mjomba, niliinama nikatazama mpaka chini ya piano! Yule mama alisimama na kisu cha kumenyea mihogo mkononi, akanitazama nikihangaika.

Piano haina kitufe. Do ikihama, vidole vyako navyo vinahama, na hapo ndipo vibonyezo vyeusi vinapoingia kazini. Kuna do kumi na mbili, na mimi nilikuwa najua moja. Kwa hiyo ule mshangao niliokuandikia haukuwa wa sifa. Nilikuficha, nisamehe.

Kila asubuhi ananipa wimbo uleule kwa do mpya, na sinywi chai mpaka niupige bila kosa. Yeye yuko jikoni. Nikikosea anapiga kelele "La!" kupitia dirishani. Chai ya do ya E-bemoli, kile cheusi cha kushoto mwa E, niliinywa saa sita mchana. Nisipozimaliza zote kumi na mbili kabla ya mwisho wa Juni, nitarudi Kibaha na Castory na maboksi yake matupu.

Nimekuwekea karatasi ya mazoezi ya do ya G, nimeiandika kwa solfa. Naomba unisaidie kuikagua. Ipige polepole, uone kama nimekosea mahali.

Mwanao,
Kabula

*

Pangani, Kibaha,
4 Mei 2024

Mpwa wangu Kabula,

Marahaba. Utashangaa kwa nini nimechelewa. Mvua, mama. Barabara ya kwenda huko kwenu imekatika mahali pawili, na Castory amelaza gari Mlandizi wiki tano. Vifaranga aliokuwa awalete wamekua, sasa anawauza kama kuku.

Mama Peter goti limepona. Peter amepata kibarua cha kupiga rangi. Tumevuna mahindi mabichi, ningekutumia kama si hayo matope. Paa la kanisa linavuja upande wa waalto na wamelazimika kuimba wakiwa wamebanana na wasoprano, jambo ambalo halikuwapendeza wote wawili.

Umesema ulinificha. Nimekusamehe. Kila mwanafunzi huona aibu mwanzoni.

Karatasi yako nimeiona. Ina doa la chai.

Suti imekamilika, ya kijivu. Jitahidi masomo.

Mjomba wako,
Gideon

*

Kisarawe,
30 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefaulu! Jana nilizipiga zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na Bi Bertha alikaa kwenye kiti badala ya kusimama jikoni. Nilipomaliza alisema, "Kunywa chai." Nilikuwa nimeshakunywa. Nikanywa tena, nikiwa nalia.

Sasa ninasoma noti zenyewe, zile za mistari mitano. Asubuhi vidole, mchana kusoma, jioni kipande kimoja kirefu cha Mjerumani mmoja wa zamani ambaye nadhani alikuwa na vidole kumi na viwili. Ananiambia nisipige kwa nguvu, nipige kwa uzito, na miezi miwili sikujua tofauti. Nimeijua Jumanne iliyopita, niliposhusha mkono kwa uchovu na sauti ikatoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa.

Kuna jingine. Tarehe 24 Novemba kuna onyesho Upanga. Kijana mmoja mwimbaji wa teno, anaitwa Ipyana, anatafuta mtu wa kumsindikiza kwa piano, na Bi Bertha amenipendekeza. Nitamsindikiza nyimbo nane, na mimi mwenyewe nitapewa kipande kimoja cha peke yangu. Itakuwa mara yangu ya kwanza kulipwa kwa kupiga. Ndiyo, ni siku ileile ya piano yenu. Nimeitazama kalenda mara tatu na haikubadilika.

Mjomba, ile karatasi hukunijibu. Nikikupigia Jumapili, nikitaja tu piano unasema mtandao unakata, ilhali jogoo wako namsikia vizuri kabisa. Sikuulizi kitu. Nasema tu kwamba nimeona.

Mwanao,
Kabula

*

Pangani, Kibaha,
24 Agosti 2024

Mama yangu Kabula,

Hongera sana, na hongera tena. Niliisoma barua yako mbele ya kwaya nzima, isipokuwa ukurasa wa mwisho.

Babu yako anasema ng'ombe wake wameizoea treni mpya ya umeme. Zamani walikimbia, sasa wanaitazama tu kama ndugu aliyepita bila kusalimia. Anasema siku ya onyesho lako ataipanda mpaka Dar, akipata mtu wa kumshikia ng'ombe.

Piano imefika! Ilishushwa na wanaume saba. Fundi Shabani alikuja kutoka Dar kukaza nyuzi, akashinda nayo siku mbili. Ni nyeusi, inang'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Sauti yake ni kubwa, ina heshima. Mazoezi yanakwenda vizuri mno. Kwaya wamefurahi.

Mjomba wako,
Gideon

*(Ndani ya bahasha hiyohiyo, karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne:)*

Kabula mwanangu, mjomba wako amenipa bahasha niifunge, nami nimepata nafasi. Kwaya hawajafurahi. Tangu piano ije, nyimbo zote zimehama. Tulizokuwa tunazianzia kifuani sasa tunazianzia utosini, na nyingine besi wanazama mpaka hawasikiki. Tukimwambia Mwalimu ashushe kidogo, anasema piano ndivyo ilivyo, tuzoee. Koo zimekwisha, wasoprano watatu wameacha kuja. Nyumbani hali chakula vizuri. Anakaa na karatasi yako ile yenye doa, akisikia naingia anaifunika na gazeti. Sijui muziki wa vibonyezo, lakini mume wangu namjua. Usimwambie nimeandika. Asteria, Mama Peter.

*

Kisarawe,
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Castory ananisubiri nje, injini inanguruma, kwa hiyo sitazunguka.

Najua. Nilijua tangu Februari uliponiandikia habari ya piano, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, na ulichonipa ndicho ulichokuwa nacho. Ile karatasi sikuituma uikague. Niliituma kwa ajili yako, na niliona haya kusema hivyo kwa mtu aliyenilea.

Kuna kitu kibaya zaidi. Katibu wa wazee ameniandikia. Anaomba nije tarehe 24 nipige mimi, na anauliza kama ningependa "kuchukua nafasi hiyo moja kwa moja". Amesema wewe usijulishwe kwanza. Sijamjibu. Siwezi kuifunika barua hiyo na gazeti.

Naomba ujaribu do ya G. Kibonyezo cheusi kinachoingia ni kimoja tu, mjomba, kimoja! Vitazame: vyeusi vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu. Pale vilipo vitatu, cha kwanza kushoto. Hicho ndicho ti yako. Kila ukifika ti, panda juu yake. Vingine vyote ni vyeupe kama ulivyozoea. Miezi miwili na nusu inatosha.

Nakupenda. Usinikasirikie.

Kabula

*

Kisarawe,
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Castory amekuja mara mbili mikono mitupu. Nimemuuliza kama unaumwa, amesema alikuona Maili Moja unanunua misumari na ulimsalimia vizuri.

Kwa hiyo umeninunia. Sawa. Nuna, lakini nuna ukiwa umekaa kwenye piano.

Katibu ameniandikia tena.

Kabula

*

Pangani, Kibaha,
20 Oktoba 2024

Kabula,

Salamu nitaziweka mwisho.

Nilikasirika. Nilikasirika siku tatu, halafu nikaona aibu wiki sita. Hizo wiki sita ndizo zilizochelewesha barua.

Mama Peter amekiri kile kikaratasi. Nikamwuliza kama anajuta, akasema koo lake linamruhusu kusema neno moja tu, nalo ni hapana. Nimemsamehe.

Ulinieleza Machi kwamba piano haina kitufe. Nilijipa moyo kwamba hiyo ya Bi Bertha ni ya zamani, na hii yetu labda imeboreshwa. Siku ilipofika nilisubiri watu waondoke, nikaanza kupapasa. Juu, pembeni, nyuma, chini. Fundi Shabani alirudi kuchukua ufunguo wake akanikuta nimepiga magoti. Akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikamwambia miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa, Kabula. Yule bwana akainama akanisaidia kuitafuta, kwa adabu, mpaka tukachoka wote wawili.

Kwa hiyo nikaamua kwaya waimbe zote kwa do ya C. Niliwaumiza watu ili nisiumbuke.

Sasa nitakuambia jambo ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa na miaka tisa, miguu haifiki chini. Uliniuliza, "Mjomba, hivi vyeusi ni vya nini?" Nikakujibu, "Ni mapambo." Ukasema ahsante, ukaendelea na vyeupe. Ukaniamini. Sikuwa najua ni vya nini. Aliyenifundisha mimi kule Maswa hakuvigusa, na sikuweza kumuuliza mtu kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaanza kuniita mwalimu. Kuuliza si ujinga, nawaambia watoto kila siku. Mimi mwenyewe sikuthubutu.

Mwaka juzi ulianza kuigiza piano unazozisikia kwenye simu. Ukafika mahali ukakwama, ukakaa unavitazama vile vyeusi. Nilikuwa mlangoni. Nilijua kosa ni la nani. Ndipo nikaanza kuulizia mtu wa kukufundisha, nikasikia habari za Bi Bertha. Kabula, nilikupeleka Kisarawe ukajifunze nilichokuficha.

Kwa hiyo waandikie wazee, waambie ndiyo. Onyesho lako watalisogeza mbele wakijua sababu. Njoo upige. Mimi nitakaa na besi, na suti nitaivaa vilevile. Hiyo do ya G nimeijaribu, kidole kinakataa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi ni ng'onda, nimeshakauka.

Sote hatujambo. Wewe hujambo?

Gideon

*

Kisarawe,
27 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa.

Nimewaandikia wazee. Nimesema hapana.

Nimewaeleza kwamba tarehe hiyo nina kazi Upanga, na onyesho halisogezwi kama mkeka. Nimewaambia pia kwamba kwa mwaka huu hawatapata mpiga piano mwingine, na aliyepo anajiandaa. Barua imeshakwenda na Castory, hii inaifuata, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Una wiki nne.

Mapambo nayakumbuka. Siku nilipojua ukweli nilicheka kwanza, halafu nikalia, halafu Bi Bertha akaniambia vifaranga hawajala. Nilikaa siku mbili na hasira, nakiri. Halafu nikakumbuka kwamba hapo mtaani watoto wote walitamani kile kinanda, na mtu mmoja tu ndiye aliyewekewa kitabu cha nyimbo chini ya makalio ili afikie. Ulinipa benchi, mjomba. Sitalikalia hilo la kwako na wewe upo hai, una vidole kumi.

Sasa sikiliza, na usijifanye ng'onda. Wimbo ni ule mmoja wa kufungulia ibada, usiguse mwingine. Wiki ya kwanza mkono wa kulia peke yake, polepole mpaka uone aibu. Wiki ya pili wa kushoto. Ya tatu yote miwili. Ti usiitafute kwa macho. Weka kidole juu yake kabla hujaihitaji, kikusubiri. Kidole kinakataa kwa sababu unakilazimisha dakika za mwisho. Na kila siku kabla ya chai. Mama Peter asikupe chai mpaka upige mara tatu bila kosa. Nimemwandikia na yeye.

Nawapa pole kwaya. Waambie do ya G itawaponya.

Kabula

*

Pangani, Kibaha,
16 Novemba 2024

Marahaba.

Siku tisa bila chai. Mwanamke huyu hana huruma. Leo nimekunywa saa nne na nusu.

Gideon

*

Dar es Salaam,
25 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa dada yake Bi Bertha, kabla ya kurudi Kisarawe. Jana jioni nilipewa simu, nikapiga ya kwako, imezimwa. Ya Mama Peter imezimwa. Hata ya Peter. Sijui kama ni chaji au ni msiba. Nitaandika ya kwangu kwanza ili nisife kwa wasiwasi.

Babu alikuja! Alipanda treni Soga, amevaa koti la mvua juani, akakaa safu ya mbele na fimbo yake. Ukumbi haukujaa, watu kama themanini, lakini nilipotoka nyuma ya pazia niliwaona wengi kuliko wa Uwanja wa Taifa. Ipyana aliniambia, "Dada, nikisahau maneno wewe endelea tu," nikajua na yeye anaogopa, nikapata nguvu.

Nyimbo nane zilikwenda vizuri. Katika wa tano aliruka mistari miwili, nami nikaruka pamoja naye, hakuna aliyejua. Kisha zamu yangu. Kile kipande do yake iko D-bemoli, mjomba: vyeusi vyote vitano, na vyeupe viwili tu. Sikukosea mpaka karibu na mwisho, na nilipokosea sikusimama. Nilipomaliza nilisahau kuinama, nikaondoka moja kwa moja kana kwamba nimeacha sufuria jikoni. Bi Bertha akanirudisha kwa kunishika kiwiko.

Babu alisema, "Ni nyingi." Sijui alimaanisha nini, lakini alikuwa anapangusa macho.

Na mama mmoja anayefundisha uimbaji amenitaka nimsindikizie wanafunzi wake, siku mbili kila wiki, kuanzia Januari. Nimekubali. Siku nyingine nitabaki kwa Bi Bertha. Anasema bado sijui lolote.

Sasa niambie. Chochote kilichotokea, niambie.

Mwanao,
Kabula

*

Pangani, Kibaha,
30 Novemba 2024

Mama yangu Kabula,

Marahaba, marahaba. Hakuna msiba. Nguzo ya umeme ilianguka Jumamosi, mtaa mzima ukakaa bila chaji mpaka Jumanne. Piano haikujali.

Asubuhi ile nilikunywa chai saa moja na nusu. Ujue hapo kidole kilikuwa kimeshaizoea do ya G.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Askofu akabariki piano, akanipa ishara nikae. Nilikwenda, nikafika kwenye benchi, nikashindwa kukaa. Nikaona siwezi kupiga nikiwa na lile jambo tumboni, kwa hiyo nikageuka, nikawaambia watu. Nilisema, "Ndugu zangu, miaka ishirini na miwili nimewapigia do moja. Nyingine zote zilikuwa zinapigwa na kitufe. Nilimdanganya mpwa wangu, na miezi hii nimewaumiza koo bure. Leo nitapiga do ya pili. Nikikosea, ninyi imbeni tu."

Wakaanza kucheka, wasoprano ndio walioanza, kwa sababu wanastahili. Katibu alitazama chini. Askofu alicheka mpaka akavua miwani.

Nikakaa. Kidole nilikiweka juu ya ti mapema, kama ulivyosema, kikasubiri. Ubeti wa kwanza salama. Wa pili salama, na Kabula, niliwasikia wanaimba bila kukaza shingo, sauti zimerudi mahali pake, nikatamani uwepo. Ubeti wa tatu nilijisifu kidogo moyoni, nikapiga cheupe. Mama Peter alinitazama. Nikasimama, nikarudi mwanzo wa ubeti, na kanisa zima likarudi na mimi, askofu akiwemo.

Baada ya ibada wazee walikaa. Nilitoka nje wazungumze kwa uhuru, lakini dirisha lilikuwa wazi. Wameamua nibaki. Mpaka Pasaka tutaimba nyimbo za C na za G tu, nyingine zitasubiri. Nililia nyuma ya tangi la maji, usimwambie mtu. Wasoprano watatu wamerudi.

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nimemsomea Castory akiwa na vifaranga mkononi. Vyeusi vitano! Mtoto niliyemwambia ni mapambo! Nimefurahi mpaka nimeona wivu, na wivu nao nimeufurahia. Babu yako alimaanisha sauti ni nyingi kwa mtu mmoja. Amewaeleza ng'ombe na majirani wote.

Sasa nitumie do ya D. Nimeanza kuichungulia mwenyewe, nadhani inaongeza cheusi kimoja, lakini usinionee huruma, niandikie kama unavyomwandikia mwanafunzi. Nimepiga hesabu. Vyeusi viko vitano, kimoja nimekipata, vimebaki vinne. Nina miaka hamsini na tisa. Tukienda kimoja kila mwaka nitavimaliza nikiwa na sitini na tatu. Kwa hiyo anza kuandika, mwalimu, na uniombee uhai.

Gideon